Programu ya Kwaya ya Ezechiel

Mume wangu Ezechiel Lwaboshi si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, kwa sababu mwaka ule wa 1996 alinichosha kabisa.

Kwetu Uvira, Kongo, alikuwa fundi wa kompyuta na kiongozi wa kwaya. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, tulipewa chumba cha gereza la zamani, na kazi akaipata mjini Lilongwe, mtaa wa Kawale, kwenye duka la Valentin la kuchapa barua. Humo akaanza kutengeneza programu ya kuandika nota za kwaya. Nusu yake aliitoa kwenye disketi ya bure ya mzungu fulani, iliyokuja na masharti: itumie, ibadilishe, hata iuze, ila unayempa umpe na maandishi yake ya ndani, yale yanayoiendesha, naye aweze kuibadilisha. Nusu ya pili, ile ya kutoa sauti, Valentin aliinunua kwa kampuni, na kampuni haimwonyeshi mtu ya ndani. Miezi minane Ezechiel alikuwa akiziunganisha, mpaka kompyuta ikaimba soprano na alto.

Valentin akasema tutayauzia makanisa programu hii, nanyi mtatoka kambini mhamie nyumba ya mjini, Kauma. Nikafunga vyombo, mjinga mimi.

Siku ya kusaini mkataba wa kuiuza, Ezechiel akakataa. Alisema nusu ya bure inadai programu nzima iwe wazi, na ya kampuni hana ruhusa ya kuifungua. Kuzitoa pamoja haiwezekani.

Nikamfokea. “Baba Solange, ule muntu iko Ulaya! Nani atamuambia?”

“Hakuna.”

“Sasa?”

“Odette, kule Uvira balichukua nyimbo yangu, bakaandika jina ya mungine. Na we njo ulilia kunipita mi.”

Ni kweli, wakati ule nililia siku tatu.

Ezechiel akaiondoa ile nusu ya sauti, akampelekea Valentin nusu iliyo wazi. Valentin akacheka: nani atanunua kitu ambacho jirani atakopi bure? Kazi ikaishia hapo. Ezechiel akarudi kambini na disketi tano za kuwapa makanisa, na bunda la karatasi za nyimbo zake alizozichapa kwa programu hiyo.

Jumapili tuliziimba. Chini ya kila karatasi palichapwa jina la yule mzungu, mwenye programu, na chini yake: wimbo wa Ezechiel Lwaboshi. Kabla ya hapo hakuwahi kuliona jina lake kwenye wimbo wake. Alilipitishia kidole mara mbili, kisha akatupatia sauti ya kuanzia.

Niliimba alto yangu mpaka mwisho. Halafu nikarudi chumbani, nikafungua vyombo, sufuria moja moja, hasira bado ninazo.