Kitabu Nilichomletea Mama

Kazi yangu ni kuzunguka mikoani na kishikwambi, nikiuliza watu wanachota maji wapi na wanayahifadhije. Jioni hakuna pa kwenda, hivyo nasoma. Nimesoma sana katika vyumba vya gesti, na karibu kila safari nimerudi Kinyerezi nikiwa mtu mwingine kidogo. Zamani nilijivunia hilo. Siku hizi linanichosha.

Kitabu kimojawapo nilikisoma Singida. Mwandishi wake alishambulia kila kusanyiko: dini, ukoo, chama. Alidai watu hukusanyika kwa sababu wanaogopa kufikiri peke yao. Niliporudi nilimsomea mama kurasa nyingi. Mama ni mjane, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, na kwake neno lililopigwa chapa lina heshima yake. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa akienda jumuiya, zile familia kumi na kitu za kanisani kwake zinazosali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Kila niliporudi nilimuuliza: unakwenda kwa imani au kwa mazoea? Mwishowe akaacha kwenda, nami nikauona huo ushindi.

Mwaka uliofuata, nikiwa Kigoma, aliteleza bafuni akavunjika mguu. Hakuniambia. Nilimkuta wiki ya tatu, mguu umefungwa plasta, anaangaliwa na mpangaji wetu akipata nafasi. Mtaani kwetu mgonjwa hakai wiki tatu bila kuletewa hata uji.

"Jumuiya hawajaja?"

"Mie niliwaacha, mwanangu. Waje kwa lipi?"

Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu angenilaumu. Huko Kigoma nilikuwa nasoma kitabu kingine, kinachosema mtu si kitu bila majirani, kwa hoja nzuri vilevile. Mimi nilikuwa nimeshahamia upande huo. Mama alikuwa amebaki palepale nilipomwacha.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, mama fundi cherehani. Alikuwa kibarazani anashona, mwenzake anapiga pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Heee, msomi! Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kwa ajili ya mama. Kavunjika mguu."

"Tumesikia. Si alituaga, akasema mwanawe kasoma kitabu, kumbe sie tunapotezeana muda? Nikasema haya, kitabu kitampikia uji."

Mwenzake alicheka mpaka akaiweka pasi chini.

"Nilikosea," nikasema.

"Wewe au kitabu?"

Nilifikiri kweli. Kitabu hakikuwa kinamjua mama.

"Mimi."

Akakata uzi kwa meno. "Jumamosi tunasali kwenu. Somo utasoma wewe. Mama yako ndiye alikuwa msomaji wetu, na tangu aondoke watu wanatusomea kama wanakimbizwa."

"Mama, mie siamini hayo mambo."

"Nani kakuuliza? Nimekuuliza kama unajua kusoma."

Walikuja kumi na moja, na chupa mbili za uji na viti vyao vya plastiki, wakajibana chumbani kwa mama. Hakuna aliyegusia miezi iliyopita. Nilisoma. Sikuamini chochote katika nilichosoma, wala hakuna kilichobadilika ndani yangu. Nalisema hili kwa sababu watu hupenda hadithi ziishie hivyo. Katikati ya aya mama alinikatiza kutoka kitandani.

"Pole pole. Na hapo pana nukta."

Chumba kizima kikacheka. Mama akacheka pia, akishika paja kwa maumivu. Nilirudia kuanzia juu.

Baada ya sala wakaanza kupangana: nani atamwogesha Jumatatu, nani Jumanne, nani atafua. Mama alikuwa anasahihisha majina na siku kama yuko darasani. Nilisimama mlangoni na vikombe vichafu mkononi, nikisubiri nitajwe. Walifika mpaka Jumapili. Hakuna aliyeniuliza siku yangu, walijua nasafiri.