Unga wa Muhogo Juu ya Injini

Ninyi mliokulia Itiryo miaka ile ambayo pikipiki zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ninyi ndio mtakaonielewa. Tukisikia moja inapanda kilima tulitupa majembe, tukatua madumu ya maji, tukakimbilia barabarani kuipungia. Aliyepungiwa na dereva alijisifu wiki nzima. Shuleni tuliiga mlio wake kwa midomo mpaka mate yanaruka. Watoto wa sasa pikipiki ikipita hata shingo hawageuzi.

Ya kwetu ilikuwa nyekundu. Baba aliipata kwa kuuza madume manne ya kulimia, na Babu, baba yake, hakumsamehe. Mkurya mzima unatoa ng'ombe zizini unaleta chuma! Lakini Baba alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa mdogo wangu Ghati. Ghati alizaliwa mguu mmoja umepinda, unyayo unatazama ndani. Hospitali mjini Tarime walisema mguu huo unanyooka, ila aletwe kila Alhamisi abadilishiwe plasta, unyooshwe kidogo kidogo. "Msiruke hata wiki moja," daktari alimwambia Mama, "mguu utarudi ulikotoka." Gari la kijijini kwetu lilipita siku ya mnada tu. Basi kila Alhamisi asubuhi Baba mbele, Mama nyuma, Ghati katikati, wanaondoka, mimi nabaki uani nanusa petroli. Niseme ukweli, niliipenda harufu ile kuliko ya maandazi.

Kisha pikipiki ikaanza kuvuja. Mwanzo lilikuwa tone moja moja chini ya injini. Baba akaichunguza, akasema amepaona panapotoka, akainama nayo kama nusu saa, akainuka anapangusa mikono. "Nimeziba," akasema. Tukashangilia. Siku tatu baadaye injini nzima ilikuwa imelowa oili, gia boksi nayo imelowa, suruali ya Baba haitamaniki, na pale ilipolala pikipiki kuku walikuwa wanateleza.

Babu alikuja na fimbo yake akaizunguka mara mbili. "Ng'ombe wenu wa chuma anaharisha," akasema. Akatangaza kwamba kuna mtu Sirari anaitaka hivyo hivyo ilivyo, yuko tayari kutoa ng'ombe, na kesho Alhamisi isipotembea inaondoka.  Mama alimpakata Ghati, akaushika ule mguu wenye plasta kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka mbele ya baba mkwe wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba mguu wa mdogo wangu unauzwa.

Mchana ule akafika fundi Marwa, ambaye Baba alimwitisha kutoka Nyanungu, kwa baiskeli, na begi la turubai. Alikuwa mtu mfupi, mpole, haongei. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia huku macho yake yakiwa kwenye injini. Mimi nilitegemea aanze kufungua nati, maana ndivyo tulivyojua ufundi. Wapi! Alichuchumaa akatazama tu. Babu akaguna. Fundi akaomba maji na sabuni ya unga, akaiosha ile injini kwa petroli na brashi kwanza, halafu kwa sabuni, akaikausha kwa kitambaa kila kona, ikang'aa kama sufuria la harusi.

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, kalete unga wa muhogo."

Mama akaruka. "Unga wangu? Jioni tutakula nini?"

"Bakuli moja tu, mama."

Akaunyunyiza ule unga kwenye injini na gia boksi, akiupuliza kwa mdomo upate kushika, mpaka chuma chote kikawa cheupe. Majirani walikuwa wameshajaa uani, na mmoja alisema wazi kwamba huu sasa ni uganga. Fundi akamwambia Baba aiwashe, aende hadi shuleni na kurudi, polepole. Baba akaenda. Aliporudi tukainama sote, vichwa vinagongana. Jamani! Oili ilikuwa imejichora yenyewe kwenye unga. Mstari mmoja ulianzia kwenye shafti ya pedeli ya gia. Mwingine nyuma ya sproketi ndogo, pale mnyororo unapoanzia. Wa tatu kwenye gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kava la pembeni. Chini, tulipokuwa tunapaona pamelowa siku zote, palikuwa panapokea tu.  Sikuwa nimewahi kuona mtu anauliza chuma swali na chuma kinamjibu.

"Sehemu tatu," fundi akasema, kama anayejisemea. "Sehemu tatu haziwezi kuugua siku moja." Akapitisha kidole nyuma ya injini, taratibu, akakutana na kampira kembamba kanakoning'inia. Akakafuata hadi mwisho.  Kisha akavuta kitu, na injini ikashusha pumzi, fuuu, tukaisikia wote. Mkononi mwake kulikuwa na kipande cha gunzi la mahindi.

Nani kwetu asiyelijua gunzi? Dumu la maziwa unaziba kwa gunzi, dumu la maji gunzi, kibuyu gunzi. Baba akatazama chini.

"Mura," fundi akamwambia, kama Wakurya tunavyomwita mwanamume, wala hakucheka, "hapa ndipo inapopumulia. Oili uliijaza kupita kipimo, si ndiyo?"

"Niliijaza hadi shingoni," Baba akajibu. "Nilitaka ishibe."

"Ilishiba mno ikawa inacheua kidogo huku. Wewe ukaona inacheua, ukaiziba mdomo. Pumzi imekosa njia, imesukuma mafuta yatokee popote."

Hapo Babu ndiye aliyeangua kicheko, kicheko cha mtu aliyeshika mikia ya ng'ombe maisha yake yote. "Kumbe imevimbiwa!" akasema. "Sasa ugonjwa huo si naujua!" Akavuta kigoda akakaa karibu kabisa na fundi, na hakuondoka tena hadi mwisho.

Fundi akapunguza oili mpaka kwenye alama. Oili sili mbili, ile mipira inayozuia oili kwenye shafti na nyuma ya sproketi, zilikuwa zimesukumwa nje bila kuchanika, akazirudisha kwa kuzigonga kidogo kidogo kupitia kichwa cha spana ya boksi. Gasketi ilikuwa imekatika, akaomba kava la daftari langu la hesabu, akaliweka juu ya chuma na kuligongagonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka gasketi mpya ikajikata yenyewe, na matundu yake yote ya nati. Akanyunyiza unga mara ya pili. Baba akaenda shuleni na kurudi. Tukainama. Unga ulikuwa mweupe pe.

Alhamisi wakaenda. Na iliyofuata, na nyingine.

Juzijuzi mjini pikipiki yangu ilivuja. Kijana wa gereji hakuchuchumaa hata dakika moja. Alipiga picha kwa simu, akaniorodheshea vifaa vya kununua, akapaka silikoni kila mahali mpaka injini ikawa na vidonda. Nikamuuliza kama ameangalia mpira wa kupumulia. Akacheka, "Shangazi, hayo mambo ya kizamani." Wiki haikuisha ikavuja tena. Simlaumu sana. Hajawahi kumwona mtu akitazama kitu kwa muda mrefu hivyo kabla ya kukigusa, nami nikijaribu kumsimulia naona anaangalia saa.

Mwezi uliopita Ghati alikuja kunitembelea, mama wa watoto wawili sasa, akavua viatu mlangoni, akanyoosha miguu yake kwenye mkeka. Akaniuliza, "Dada, hivi ulikuwa upi?" Nikaitazama yote miwili kwa muda mrefu. Sikuweza kujua. Baba angejua, lakini Baba hayupo tena.