Herufi za Nyambeki

Waliofanya kazi na Momanyi mwanzoni mwa miaka ya sabini humkumbuka kwa mambo mawili: sauti yake ya chini, na mazoea yake ya kuandika hewani kwa kidole kila alipofikiri. Alikuwa mmoja wa watu wachache sana katika nchi ya majani chai waliojua kuiandikia kompyuta maagizo kwa lugha ya mashine yenyewe. Elimu hiyo ilimpa heshima. Mama yake haikumsaidia kitu.

Mama huyo aliitwa Nyambeki. Alitoka Kisii akiwa mjane mwenye watoto wawili, baada ya shemeji zake kulima kipande cha marehemu mpaka kwenye kizingiti cha mlango wake. Kampuni ya majani karibu na Kericho ilimpa kikapu cha kuchumia na nyumba ya chumba kimoja katika Laini ya Juu, safu ya nyumba za wafanyakazi. Majirani wengi walikuwa Wakipsigis, na kwao mwanamke mwenye mtoto haitwi kwa jina lake mwenyewe. Huitwa Bot, yaani mama wa fulani. Mtoto wa kwanza wa Nyambeki alikuwa msichana, Kemuma, basi wakamwita Bot Kemuma. Kemuma alikufa kwa surua kabla ya kuanza shule, lakini jina lilibaki. Momanyi, mtoto wa pili, alikua akilisikia kama mtu anavyosikia mvua juu ya mabati. Lilikuwepo siku zote, na hakulisikiliza.

Alisoma Kapsoit, akapita mitihani vizuri, na kampuni ikamwajiri kuwa karani. Ilipokodi kompyuta, ilimpeleka Nairobi kujifunza kazi yake. Aliporudi alipewa kitanda katika mabweni ya makarani wasiooa, mahali ambapo hata mgeni wa kunywa chai alitakiwa kuondoka kabla ya giza.

Chumba cha kompyuta kilikuwa na majiko mawili ya makaa yaliyowaka mchana kutwa, maana mvua ya Kericho ilizifanya kadi zivimbe na kukwama kwenye meno ya mashine. Kila kadi ilikuwa na safu themanini za kutobolewa matundu. Safu ishirini za mwanzo zilikuwa za jina, na zilizofuata za kazi, au za laini na nyumba, kutegemea aina ya kadi. Mashine haikujua jina ni nini. Kwake kila herufi ilikuwa namba, na mtu alipaswa kuiongoza hatua kwa hatua: leta herufi ya kwanza ya kadi hii, leta ya kwanza ya kadi ile, toa moja katika nyingine. Ikibaki sifuri, songa kwenye safu ya pili. Isipobaki sifuri, ruka, majina hayafanani. Kila agizo lilikula nafasi yake katika kumbukumbu ya mashine, na nafasi zilikuwa chache kama vitanda vya bwenini.

Mwaka huo meneja alitaka kujua ni nyumba zipi zilizokaliwa na watu wasio wafanyakazi tena. Kulikuwa na kadi za kazi, zilizotobolewa kutoka afisi ya mishahara, na kadi za nyumba, zilizotobolewa kutoka kitabu cha Kiptanui, karani wa nyumba. Mashine ingesoma kila kadi ya nyumba na kulitafuta jina lake katika kadi za kazi. Asiyepatikana angehesabiwa mgeni, na angehama. Hezekiah, mkuu wa chumba cha mashine, alimpa Momanyi kazi hiyo.

Jumapili hiyo Momanyi alimweleza mama yake habari hizo. Nyambeki aliacha kuchambua mboga.

"Hiyo mashine yenu itanijua mimi?"

"Itakujua kwa jina, mama. Herufi kwa herufi."

"Basi imemshinda nyapara. Yeye hanijui mpaka nikohoe."

Walicheka, lakini mama aliuliza tena, kwa sauti nyingine, "Una hakika? Mimi sina pengine pa kwenda. Unapajua Kisii palivyo."

"Nina hakika, mama. Programu naiandika mimi mwenyewe."

Siku ya kuiendesha, karatasi ilitoka kwenye mashine ikarundikana sakafuni, na bado ikaendelea kutoka. Chepkorir, binti aliyetoboa kadi, aliiinua na kuanza kusoma kwa kicheko.

"Wewe Mkisii, umetufukuza wote! Hata nyapara ni mgeni. Na mimi nifunge virago?"

Momanyi alilitambua kosa upesi. Kiptanui aliandika majina kama sikio lake lilivyoyapokea, na sikio la Kipsigis halisumbuki sana kati ya P na B, T na D, K na G. Bosire alikuwa POSIRE. Ondieki alikuwa ONTIEKI. Kebaso, mzee wa kanisa, alikuwa GEPASO. Binadamu yeyote angewatambua, lakini mashine ilitoa P katika B, haikubaki sifuri, ikaruka.

Hezekiah alipeleka rundo lile kwa meneja, akarudi akijifuta jasho.

"Amecheka mpaka akatoa machozi," alisema. "Anasema kama kompyuta ndiyo hii, nyumba zibaki kama zilivyo. Tuachane na hilo jambo."

Ingekuwa imeishia hapo. Momanyi aliliangalia lile rundo la majirani zake waliogeuzwa wageni, akafikiri kwamba mwaka mwingine karani mwingine angeletewa kazi hiyohiyo, mtu asiyejali, na Nyambeki angetolewa nje kwa sababu ya herufi moja. Tena, kusema kweli, aliumwa na kile kicheko cha meneja.

"Nipe wiki moja, mzee," alisema. "Itanyooka."

"Kijana, tumeambiwa tuache."

"Wiki moja tu."

Dawa yake ilikuwa nzuri. Kabla ya kulinganisha, mashine ingebadili kila P kuwa B, kila T kuwa D, kila K kuwa G, katika kadi zote mbili. Hapo Posire na Bosire wangekuwa mtu mmoja, kama walivyokuwa kweli. Shida ilikuwa nafasi. Maagizo mapya hayakuingia. Momanyi alipitia programu yake mstari kwa mstari, akibana huku na kule, na mwishowe aliyakata maagizo yaliyochapa kichwa cha kila ukurasa: jina la kampuni, tarehe, namba ya ukurasa. Orodha ingetoka bila kichwa, majina matupu. Ndipo programu ikaenea.

Safari hii mashine ilichapa kidogo na kunyamaza. Ukurasa mmoja, na kipande cha pili. Chepkorir alipiga makofi. Momanyi aliichana karatasi, akapitisha kidole kwenye majina yaliyoanza kwa N. Nyambeki hakuwemo. Alirudia mara ya pili, hakuwemo. Akashusha pumzi na kumpa Hezekiah ile orodha, naye akaipeleka kwa meneja. Mara hii meneja hakucheka. Alitia sahihi.

Barua zilitoka siku chache baadaye. Jumamosi adhuhuri Nyambeki alisimama kwenye lango la afisi, gunia la mvua kichwani, barua ikiwa ndani ya kifua cha gauni lake isilowe. Hakujua kusoma. Mtoto wa jirani alikuwa amemsomea.

"Wanasema mimi ni Pot Gemuma," alisema, "na Pot Gemuma hana kazi hapa, ahame mwisho wa mwezi."

Momanyi aliisoma barua. Kidole chake kilianza kuandika hewani, P, O, T, kikasimama. Alikuwa ametafuta kwenye N. Kwenye P hakuangalia, kwa kuwa kwake mama hakuwa na jina linaloanza hapo.

"Si ulisema itanijua kwa jina?" Nyambeki aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka tu kuelewa.

Momanyi alimwacha chini ya paa la lango, akakimbia kwa Kiptanui.

"Karani, nyumba ya mama yangu umeandika nini?"

"Jina lake. Pot Gemuma. Nani hapa hamjui Pot Gemuma?"

"Anaitwa Nyambeki."

"Nyampegi?" Kiptanui alilionja lile jina mdomoni. "Hilo nalisikia leo, na huyo mama ametufundisha kupika mboga zenu chungu mimi na bibi yangu. Basi pole. Lete kitambulisho chake nibadilishe kitabu."

"Serikali huwapa vitambulisho wanaume tu. Unajua."

"Najua. Hata mama yangu hana." Kiptanui alifunga kitabu polepole. "Na bila karatasi siwezi kugusa jina ambalo meneja ametia sahihi. Watasema nimekula kitu."

Hezekiah alikuwa bado chumba cha mashine, akichochea makaa. Momanyi alianza kusema kabla ya kufika.

"Mzee, tuongeze sehemu nyingine. Mashine ikikuta Bot mwanzoni mwa jina..."

"Ikikuta Bot ifanye nini?"

"Itafute mama wa huyo mtoto."

"Kwenye kadi ya kazi kuna safu ya mtoto?"

Kidole cha Momanyi kilianza kuhesabu safu hewani.

"Nakuuliza wewe uliyezipanga hizo safu. Ipo?"

"Haipo."

"Basi itajuaje Kemuma ni wa nani? Mimi nakujua wewe miaka yote hii, na hata mimi sikujua."

Nakala ya orodha ilikuwa mezani. Momanyi aliisoma yote kwa mara ya kwanza, toka juu hadi chini. Pot huyu, Pot yule, Bot fulani. Wageni halisi walikuwa wachache. Waliobaki walikuwa akina mama, na huenda kila mmoja wao alikuwa na kadi yake katika droo ya kadi za kazi, kwa jina ambalo jirani zake hawakulijua.

Hezekiah alivaa kofia, akaenda nyumbani kwa meneja. Aliporudi alikaa bila kuivua.

"Amesema orodha ya kwanza ilikuwa upuuzi, na sisi wenyewe tukairekebisha. Hii imerekebishwa. Aliuliza nani aliifanyia kazi, akasema nikupe hongera."

"Ulimwambia ni mama yangu?"

"Nilimwambia. Hapo ndipo alipofunga faili. Anasema kila karani ana mama. Na nyumba zimeshagawiwa watu wengine."

"Tungeiacha ile ya kwanza," Momanyi alisema.

Hezekiah alichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

Jina la Nyambeki halikuwemo katika kitabu cha nyumba, kwa hiyo aliwekwa mwisho wa foleni ya wanaoomba nyumba. Kwa muda alilala kwa jirani mmoja na kuingia shambani alfajiri, mpaka nyapara alipokataza wageni katika laini. Bwenini kwa Momanyi hakuruhusiwa. Akaenda Chepilat, soko la mbali mpakani mwa Kisii, ambako jamaa yake mmoja, Sellah, alikuwa na kibanda cha mbao nyuma ya duka. Kutoka Chepilat hakuna anayewahi majani ya Kericho asubuhi, na kikapu chake kikapewa mtu mwingine.

Momanyi aliendelea na kazi. Aliulizwa mara nyingi kwa nini hakuacha, naye alijibu kwamba kodi ya kibanda ilitoka hapo. Kila mwisho wa mwezi programu yake iliendeshwa, na kila mwezi orodha ilipungua.

"Leo hakuna mgeni hata mmoja," Chepkorir alimwambia siku moja. Hakucheka. "Mashine imetoa karatasi nyeupe."

Ilikuwa kweli. Kwa kuwa kichwa cha ukurasa kilikwisha kukatwa, orodha isiyo na mtu ilitoka bila alama yoyote, karatasi safi, ndefu, yenye matundu pembeni. Mwezi uliofuata ilitoka hivyohivyo, na uliofuata. Hezekiah alimruhusu azichukue.

Alizipeleka Chepilat. Upepo ulipenya kati ya mbao za kibanda, na Nyambeki alikuwa amepika uji wa kubandikia. Walizibandika pamoja ukutani, mama akilainisha kwa kiganja, mwana akishika juu. Walipomaliza ukuta wa kitandani, mama alirudi nyuma akautazama.

"Karatasi nzuri namna hii," alisema, "na hamkupata hata jina moja la kuandika?"

Momanyi alishika karatasi nyingine, akaanza ukuta wa pili.