Boga la Mama Gradi Limeshika Ukutani Nateete

LIMESHIKA! Boga la Mama Gradi limeshika, limekaa, haling'oki tena! Haya, sasa mambo yalivyokuwa, maana wengine mlisikia nusu nusu.

Mama Gradi jina lake lenyewe ni Séraphine, Mkongomani wa Bukavu, anauza samaki wakavu soko la Nateete. Amepanga chumba nyuma ya duka la landilodi wake, Mzee Jasper. Kati ya chumba na ukuta wa uani kuna kipande cha udongo, kidogo hivi, kama mkeka wa watu wawili. Hapo alipanda boga. Kila kitu kingine anachokula Kampala amekinunua, hata kitunguu kimoja, hata ndimu. Kwao alikuwa na shamba mpaka mtoni. Kwa hiyo mtu akimwambia "si kaudongo tu hako", yeye anamwangalia tu.

Boga likapanda ukuta kama linaenda kuchungulia kwa jirani. Mzee Jasper hakufurahi. Yeye alikuwa polisi zamani, Kiswahili chake ni cha amri, anaongea na mtu kana kwamba mtu amepanga mstari.

"Mama Gradi. Hii kitu inaleta nyoka. Mimi nataka kuweka simenti hapa, boda zipaki."

"Mzee, hii ni chakula."

"Chakula iko wapi? Mimi naona majani."

"Itazaa, Mzee. Unipatie siku."

Akafikiria, akakuna shingo. "Mwisho ya mwezi nakuja na panga. Nikikuta boga, itabaki. Nikikuta majani, nakata. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Sasa shida ni kwamba boga lilikuwa linatoa maua kama limelipwa, lakini kuzaa, hakuna. Vile viua vinavyokuja na kaboga kadogo nyuma, vilikuwa vinatokea, vinakaa siku mbili, vinageuka njano, vinadondoka. Kila asubuhi Mama Gradi anaviokota chini, roho inamuuma. Na mwezi haukuwa unasimama kumngojea.

Akauliza kwenye grupu ya wasapu, ile ya watu wa Kampala wanaolima kwenye magunia na madebe. Jamani, ile grupu haikosi jibu. Olanya wa Kansanga, ambaye dawa yake kwa kila kitu ni majivu, akasema weka majivu. Akaweka. Vikadondoka vyenye majivu. Mwingine akasema mbolea ya kuku. Akaweka, uani pakanuka mpaka wateja wa dukani wakawa wanalaumiana. Mwingine tena akasema boga likiringa linachapwa, linachapwa asubuhi kabla ya kuongea na mtu.

Mama Gradi akavua sandali, akaanza kulichapa shina taratibu. Kumbe Mzee Jasper yuko mlangoni na mswaki mdomoni.

"Mama. Boga imefanya kosa gani?"

"Inakataa kuzaa, Mzee."

"Chapa, chapa. Panga yangu iko tayari."

Jumapili akapika ugali na majani ya lile boga. Kwao wanayaita bishusha, Waganda wanayaita sunsa, ni mboga moja ile ile. Yakatoka vizuri, karanga imekolea, akapiga picha ya sufuria akaitupa kwenye grupu: "Kama halizai, angalau tunakula majani. Karibuni."

Watu wakaweka vile vichwa vya emoji vinavyolamba midomo. Lakini Safinah hakuweka kichwa. Safinah ni Mnubi wa Kawempe, analima juu ya banda la kuku la mama yake, na hana mambo ya kuandika andika. Akapiga simu hapo hapo.

"Dada, salaam aleikum, samahani unakula. Hiyo ya njano kwenye sufuria ni nini?"

"Ni maua. Kwetu tunapika na maua yake, inakuwa tamu."

"Maua gani? Yenye kaboga nyuma?"

"Hapana, dada, siwezi kutoa ile. Natoa ile ya shingo refu, haina kitu nyuma. Ile ni ya bure, haizae. Naitoa kila siku ili nguvu iende kwa ile ya kuzaa."

Safinah akaanza kucheka, anacheka mpaka kuku wakasikika nyuma wakilalamika.

"Mama Gradi. Hao wa shingo refu ndio mabwana."

"Mabwana ya nani?"

"Ya hao wengine! Ua la kiume lina unga wa njano ndani, nyuki anautoa hapo anaupeleka kwa la kike, ndio linashika. Wewe umewapika mabwana wote, sasa wanawake watazaa na nani? Na majivu?"

Mama Gradi akaangalia sahani yake. Akasukuma ua moja pembeni na kidole, halafu akalirudisha akalila, kwa sababu lilikuwa limeshapikwa.

"Kesho nitawaacha," akasema.

"Wamebaki wangapi?"

Akatoka na tochi ya simu. Hakubaki hata mmoja. Alikuwa ametoa mpaka vile ambavyo havijafunguka, kwa sababu vichanga ndio vitamu zaidi. Lakini la kike lilikuwepo, moja, juu, karibu na vigae vya ukuta, limevimba, ni la kufunguka asubuhi. Na ua la boga linafunguka asubuhi moja tu. Jua likiwa kali linajifunga, basi, imeisha. Kungoja mabwana wengine wakue kulikuwa ni kungoja panga.

"Usilale na mawazo," Safinah akamwambia. "Mimi wa kwangu sijawala."

Asubuhi, hata chai haijaanza kuuzwa, boda ikasimama nje ya duka. Safinah akashuka na hijabu imejaa vumbi la barabarani, ameshika kopo la siagi kwa mikono miwili. Ndani, kwenye kitambaa chenye maji, maua matatu ya kiume.

"Bwana harusi huyu hapa. Amekuja na wasimamizi wake."

Wakaweka stuli. Safinah akaonyesha: unachana yale majani ya njano, kinabaki kile kijiti cha katikati chenye unga, unakipaka polepole katikati ya ua la kike, kila upande. Mama Gradi ndiye aliyepanda juu ya stuli. Wakapaka wote watatu, isije bwana wa kwanza akawa na haya.

Mzee Jasper akatokea na mswaki wake.

"Nini inafanyika kwa ukuta yangu?"

"Tunaozesha, Mzee," Safinah akasema.

"Harusi, na mimi mwenye nyumba sina kadi?"

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja ndio kubaya. Siku ya vile vingine kugeuka njano ikafika. Mama Gradi aliogopa kuangalia, akaenda sokoni bila kuinua macho. Jioni akapanda stuli. Kijani. Kesho yake kijani. Halafu likawa kama yai, halafu kama ngumi, na shingo yake ikanenepa ikashika shina vizuri.

Mwisho wa mwezi Mzee Jasper akaja, na panga kweli. Mama Gradi alikuwa anachambua samaki, mikono ikasimama. Mzee akanyanyua majani kwa ncha ya panga, moja, lingine, akafika juu.

"Hii ni boga?"

"Ni boga, Mzee."

Akaligonga na kidole kama anabisha hodi. "Litakuwa zito. Litadondoka. Tafuta neti ulibebe, funga kwa ule msumari pale." Akaondoka, panga chini ya kwapa. "Na la kwanza ni la kwangu."

Mama Gradi akakaa chini pale pale kati ya samaki. Halafu akampigia Safinah, wakacheka tu.

Kwa hiyo, kama kuna mtu unamjua anapika maua ya boga lake halafu anashangaa halizai, mwambie abakize ya shingo refu machache. Tafadhali mtumie hii, na yeye amtumie mwingine.