Sauti ya Mtungi Chini ya Reli

Mwaka ule nilikuwa mbeba makopo mawili, moja la chokaa na moja la rangi nyekundu, na begani nilining'iniza mfuko wenye daftari. Mjerumani niliyemfuata alikuwa mhandisi wa serikali, aliyetumwa kukagua madaraja na makalavati, yaani njia za maji zilizojengwa kwa mawe chini ya reli, kutoka Dodoma kwenda magharibi kabla mvua hazijaanza. Lililo zima tulilipiga alama nyeupe. Lililo bovu tulilipiga nyekundu, na mafundi wangekuja kulitengeneza. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali, kwa hiyo nilikuwa pia mkalimani wake na mwandishi wa daftari. Nilijiona mtu mkubwa, acha nikiri.

Tulikwenda kwa kiberenge, kigari kidogo cha relini kilichosukumwa na vibarua wanne. Penye kila kalavati mhandisi alishuka, akavua kofia, akainama kuingia chini na nyundo yake ndogo. Aligonga jiwe baada ya jiwe, akisikiliza. Yeye ndiye aliyenifundisha. Jiwe lililokaa vizuri hutoa sauti kavu na fupi. Jiwe lenye uwazi nyuma yake, mahali ambapo maji yameshakula udongo, hulia kama mtungi mtupu. Siku za mwanzo sikuona tofauti. Alinishika mkono akanigongesha tena na tena hadi masikio yangu yakafunguka, na kwa hilo simnyimi shukrani, ingawa mara nyingi nimetamani asingenifundisha.

Tatizo lilikuwa kwinini. Homa hazikumwacha, na kila asubuhi alibugia dawa ile chungu kabla hata ya chai. Kwinini huziba masikio. Aliyewahi kuinywa anaujua ule mlio usiokoma kichwani. Vibarua waligundua kabla yangu. Walimtania kwa sauti nyuma ya mgongo wake naye hageuki. Mimi nilimpigia kelele kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya korongo, naye akanijibu kwa upole kwamba sina haja ya kupaza sauti, anasikia vizuri.

Karibu na Bahi kulikuwa na kalavati lililopitisha maji ya korongo chini ya tuta la reli. Ng'ambo ya tuta, upande wa chini ambako maji hutokea baada ya kupita, hatua chache tu, alikaa dada yangu. Sisi ni watoto wa mji. Baba alikuja na misafara akabaki. Lakini dada aliolewa na mfugaji wa Kigogo, akahamia kwenye tembe lao, nyumba yenye paa bapa la udongo, akajifunza ugali wa uwele na mlenda, na akanawiri pale kuliko alivyowahi kunawiri mjini. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Tuta lile likikatika, nyumba ya kwanza njiani ilikuwa yake.

Mhandisi aligonga. Nikasikia mtungi. Akagonga la pili na la tatu, yote mtungi, ukuta mzima.

"Nyeupe," akasema.

"Bwana Mkubwa, mawe haya yana uwazi."

Hakukasirika. Laiti angekasirika! Aligonga upya, taratibu, kichwa kakiinamisha, macho kayafumba, kwa makini ya mtu anayeipenda kazi yake. Alichokisikia ni ule mlio wake wa tangu asubuhi. Nikamwomba aweke kiganja ukutani wakati mimi nagonga. Hapo ndipo uso ulipobadilika. Aliniuliza kama namwambia yeye ni kiziwi. Vibarua wote wakatazama chini, na mimi nikasema hapana. Nikachovya brashi kwenye chokaa, nikapiga alama nyeupe, kisha nikafungua daftari nikaandika alivyonitajia.

Mchana homa ikamlaza kwenye kivuli cha kiberenge. Nikapanda tuta, nikateremka hadi kwa dada. Shemeji alikuwa anakandika udongo juu ya paa, akijiandaa kwa mvua.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Mbona umekonda? Huyo mzungu hakulishi?"

Nikawaambia yote, kwinini na mawe, nikawasihi wahame kabla ya mvua. Shemeji alishuka kwenye paa, akanawa mikono polepole.

"Shemeji, ile alama nyeupe si ndiyo ya uzima?"

"Ndiyo."

"Nani kaipiga?"

"Mimi."

"Basi unataka nibomoe tembe la baba yangu, nihamishe ng'ombe na wazee, kwa sababu ya alama uliyoipiga wewe, kisha uje kuniambia usiiamini?"

Dada alicheka, akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Akasema tangu utoto nilikuwa mwoga wa maji. Nilikunywa na kurudi kazini.

Tuliporudi Dodoma nilimwendea mkuu wa stesheni. Akaniuliza daftari linasemaje. Nikamwambia. Akaniuliza sasa nataka nini. Siku nyingine nilifikiri kwenda mwenyewe na kopo jekundu, lakini mafundi walifuata daftari, hawakufuata rangi. Hasira niliyokuwa nayo haikuwa na pa kwenda. Nilimchukia mhandisi, kisha nikamwona akitetemeka na blanketi kwenye jua kali, nikashindwa hata kumchukia.

Mvua za mwaka ule zilikuja kwa fujo. Maji yalijaa nyuma ya tuta, na siku moja mchana, jua linawaka kabisa hapo Bahi kwa kuwa mvua ilinyesha mbali milimani, ukuta wa kalavati ukaachia. Maji yakateremka juu ya tembe. Watu walipanda juu ya paa kama walivyozoea kupanda kufukuza ndege. Lakini paa la udongo likishalowa huwa zito, na kuta zake zilikuwa zimelowa kutoka chini. Likaanguka nao. Shemeji alitolewa akiwa hai. Dada alitolewa jioni.

Mhandisi wetu alikuwa ameshasafirishwa kwao kwa ugonjwa. Alikuja mwingine, kijana mwenye masikio mazima, kukagua uharibifu. Alisimama penye lile pengo la tuta, akaniamuru nisome daftari, ukaguzi uliopita ulisema nini kuhusu kalavati hili. Nikalifungua. Neno lilikuwa moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni. Nikalisoma kwa Kijerumani, akatikisa kichwa, akaendelea kupima.

Shemeji alikuwa amesimama kando, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Kijerumani hakukijua.

"Shemeji," akaniuliza, "kitabu kinasemaje?"

Tafsiri ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

"Kinasema ni zima," nikamjibu.