Mwalimu Seline Akeyo, Mgeni Aliyekataa Soda

Alizaliwa mwaka 1951 huko Siaya, karibu na ziwa, na siku ya ubatizo alilia kwa nguvu hata padri akamaliza ibada mbio mbio. Alikuja Nairobi akiwa mwalimu kijana, akapanga chumba Kisumu Ndogo, Kibera, na kwa miaka ishirini akafundisha katika shule ya mabati iliyoegemea ukuta wa kanisa. Wito wake, ndugu zangu, haukuletwa na malaika. Uliletwa mwaka 1994 na tangazo lililobandikwa mlangoni pa kanisa: masomo ya shahada ya uzamili kwa walimu wa watoto maskini, kila Jumamosi, katika ukumbi mmoja huko Kawangware. Seline, aliyepata shahada ya kwanza kwa kusoma likizo baada ya likizo, aliruka kwa furaha. Alikuwa akienda kwa miguu, madaftari kwapani, akiimba njia nzima.

Jaribu lilimpata mwaka uliofuata. Ili kuhitimu, kila mwanafunzi alitakiwa kutembelea familia ishirini na kujaza fomu kuhusu maisha yao. Seline akatembelea kumi na moja, na kila nyumba ikamkirimu soda na mandazi, maana kwa watu wetu wa magharibi na wa ziwani, mgeni kuondoka bila kutia kitu kinywani ni aibu ya mwaka mzima. Naye akanywa, tena kwa raha zake. Jumatatu moja Valentine, bintiye seremala Walubengo wa Sarang'ombe, pale pale Kibera, akasinzia darasani.

"Unaumwa?" Seline akamuuliza.

"Hapana, tichee. Jana tulilala njaa. Pesa ya unga ndiyo mathe alinunua nayo soda yako."

Seline alitoka nje akalia kweli kweli. Soda kumi na moja! Alikuwa ameenda kuichunguza njaa ya watu, kumbe anaiongeza. Akamwendea Daktari Ndungu, mkuu wa masomo yale, mtu mwema lakini mgumu wa kanuni, akamwambia hataki tena kutembelea watu kwa namna ile.

"Bila familia ishirini na fomu zake hakuna shahada, Mwalimu."

"Basi shahada ikae," akajibu. "Sitavaa joho kwa njaa ya mtoto."

Alisema hivyo, lakini shahada aliitaka mno. Akaenda moja kwa moja kwa Mourine, mamake Valentine, mtungi wa maji kichwani.

"Woi! Mgeni anateka maji?" Mourine akapiga ukelele.

"Leo mimi si mgeni, na soda sitaki. Lete hiyo omena nitoe vichwa."

Wakachambua omena, wale dagaa wa ziwani, wakicheka, na mdomo wa Mourine ukafunguka: kumbe Valentine huchelewa shuleni kwa sababu humbeba mdogo wake mpaka mama amalize kufulia watu nguo. Hakuna fomu iliyouliza hayo. Nyumba tisa zilizobaki Seline akaziingia vivyo hivyo, akiandika alichosikia kwenye daftari. Ndungu alipopata habari, akaja Sarang'ombe kumkanya, akamkuta kwa Mourine. Mourine naye, bila hata kumuuliza jina, akamwekea sinia la omena mapajani, tai shingoni na yote. Daktari alikaa pale alasiri nzima akisikiliza. Alipoinuka, suruali ikinuka samaki, alisema tu, "Nenda ukaandike tasnifu yako." Majirani wanaapa kwamba omena ya siku ile, kibaba kimoja tu, ilishibisha wapangaji wa ploti nzima na ikabaki. Mimi sikuwepo, ila naamini.

Seline alivaa joho mwaka 1996, na tangu hapo ikawa kanuni: mwanafunzi wa masomo yale haulizi swali katika nyumba ya mtu kabla hajashika kazi. Alifariki Agosti 1999 kwa ugonjwa wa moyo, na neno lake la mwisho lilikuwa kumuuliza muuguzi kama amekula. Kwenye matanga walimu waliohitimu walifika wengi, Ndungu akiwatangulia, na hakuna aliyeketi. Wasomi wale walifunga leso kiunoni wakasonga ugali na kuosha sufuria, na akina mama wa Sarang'ombe wakakalishwa viti vya mbele, wakapakuliwa. Mourine alilia, akala, akaomba kuongezewa. Nawe unayetaka kumfuata Seline, ukikaribishwa kwa maskini, kunja mikono ya shati kwanza.