Mkono Mdogo Pembeni mwa Picha

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na mke wangu akisoma hapa atanisamehe. Nilikuwa kijana, nafanya kazi ya kutia picha katika kadre, yaani fremu za mbao, kwa Tata Kasongo, karibu na soko hapa Kolwezi. Jioni nilisoma shule ya watu wazima, na wiki ile mwalimu alitufundisha kutafuta katikati ya mstatili. Basi nikashikwa na ugonjwa wa katikati. Sahani niliipima kwa rula kabla ya kula bukari, ugali wetu. Hata jogoo wa jirani, nakuambia kweli, alikuwa akisogea kidogo akiniona naja.

Asubuhi akaingia Mama Ngoie, mjane aliyetoka mji wa Mutshatsha. Akafungua kitenge, ndani ya kitenge gazeti, ndani ya gazeti picha ya marehemu mume wake, amekaa, kofia ya reli juu ya goti.

“Tata,” akamwambia Kasongo, “kesho bakwe banakuya sababu ya ndoa ya mutoto wangu Mwadi. Baba yake hayuko. Iyi picha njo itaikala mu kiti yake. Na ni moja tu, hakuna ingine.” Yaani picha ndiyo ingekaa katika kiti cha baba mbele ya wakwe.

Tata Kasongo akaniachia kazi, akaenda kutafuta kioo. “Kata paspartu,” akasema, yaani ile kartoni nyeupe yenye dirisha, inayokaa kati ya picha na kioo. “Lakini wembe usiguse picha.”

Nikaitazama picha. Pembeni kabisa, kushoto, palikuwa na mkono mdogo mnene umeshika koti la marehemu. Mwenye mkono hakuonekana. Nikasema moyoni, huyu mpiga picha alikuwa mzembe. Nikatafuta katikati ya yule mzee, si katikati ya picha, nikakata dirisha. Mwanangu, lilinyooka! Malaika wangetembea ukingoni bila kuyumba. Ule mkono ukafichika nyuma ya kartoni.

Shida ikawa moja: kwa kuisogeza picha, upande wa kushoto ukatokeza nje ya kartoni. Sikio la kufa halisikii dawa. Nikaweka rula juu ya picha, nikaweka wembe. Nilikuwa nimekata urefu wa ukucha tu, kwenye ukingo mweupe wa juu, Tata Kasongo akaingia na kioo, Mama Ngoie nyuma yake.

“Mutoto, uko nakata nini?” mama akauliza.

“Nanyoosha, Mama. Kuko mukono ya mutu hapa, inaharibisha picha.”

Hakupiga kelele. Alikaa chini, juu ya maranda, na kitenge chake kizuri.

“Ile mukono njo Mwadi,” akasema. “Alikuwa na myaka mbili. Alikataa kuikala, akashika tu baba yake. Mvua ya ule mwaka haikuisha bado, baba akakufa. Hakuna picha ingine beko pamoja.”

Nilitamani shimo lolote la Kolwezi, na unajua hatuna uhaba wa mashimo ya migodi, linimeze.

Tata Kasongo akanitoa wembe mkononi. “Dirisha ya kartoni ikiwa ndogo, tutaipanua. Picha ukiikata, utaipanua na nini? Uliuliza mama kwanza?”

“Hapana, Tata.”

“Uliuliza nani?”

“Jiometri.”

“Basi kesho jiometri njo itapokea bakwe.”

Mama Ngoie akacheka, huku machozi bado yanamtoka. Tata akanirudishia wembe, nipanue dirisha mwenyewe. Upande wa kushoto wa kartoni ukabaki mwembamba kama kidole, wa kulia mpana kama kiganja. Macho yaliniuma. Tukairudisha picha yote ndani ya kartoni, tukaishika juu kwa vipande viwili vya karatasi ya gundi, tukafunga kioo, tukageuza.

Yule mzee, ambaye katika dirisha langu la kwanza alikuwa amekaa peke yake, sasa alikuwa na mtu. Mama Ngoie akaikumbatia kadre. “Bakwe batamukuta na mutoto wake,” akasema, akaenda zake kutafuta gari la Mutshatsha.

Mwanangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu akikupa kitu chake ukitengeneze, muulize kwanza anapenda nini ndani yake. Huenda kile unachokiona uchafu ndicho alichokibeba safari nzima ndani ya kitenge. Cha kwako kata, tena anza padogo, utapanua. Cha mwenzako usikitie wembe, maana maji yakimwagika hayazoleki. Na ukikosea, sema umekosea, kisha panua dirisha, hata kama rula yako italia.

Mungu akupe mkono mwepesi na sikio refu kuliko la punda. Nyumba yako ijae watoto wasiokubali kukaa wakipigwa picha, na siku ya wakwe zako kusikose kiti chenye mtu.